Bibi wa Ziwa Si Shetani

Nashika kalamu kulipinga neno moja tu, nalo ni neno shetani. Silipingi mahali pake, maana katika vitabu vya dini lina maana yake na kazi yake. Nalipinga pale linapochukuliwa na walimu, wahariri na wafasiri likabandikwa juu ya kila kiumbe cha kike ambacho hadithi za mwambao wa Ziwa zimekihifadhi tangu zamani za mababu. Msomaji aweza kusema kuwa ugomvi juu ya neno moja ni ugomvi mdogo. Namwomba avumilie hadi mwisho, kwa sababu hapa kwetu neno hilo, pamoja na ndugu yake mchawi, limekwisha kugharimu roho za watu, na wengi wa watu hao walikuwa bibi zetu.

Sababu ya kuandika ni hii. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa mvuvi, aliandika tasnifu yake fupi juu ya hadithi alizozisikia utotoni katika kambi za wavuvi. Mwanamke atokaye majini alimwita Bibi wa Ziwa. Kazi ilipopelekwa kwa msahihishaji wa chuo kingine, ilirudi na wino mwekundu kila lilipoonekana jina hilo, na kando yake pameandikwa: sema shetani wa kike. Mwanafunzi alikuja kwangu akaniuliza, kwa adabu, kama alikuwa amekosea Kiswahili au amekosea imani. Nilimjibu kuwa hakukosea chochote. Lakini jibu la mdomo halitoshi, maana msahihishaji yule si peke yake. Nyuma yake wamo wengi wanaofikiri kama yeye, na baadhi yao ni rafiki zangu.

Tuanze kwa hadithi zenyewe, maana wengi wanaozihukumu hawajazisikia. Ya kwanza ni ya Nyamgondho mwana wa Ombare, inayosimuliwa na Wajaluo wa Gwassi, ng'ambo ya mpaka wetu, na hata na wavuvi waliohamia mialo ya Mwanza. Nyamgondho alikuwa mvuvi fukara. Siku moja alivuta mtego wake akakuta ndani yake, mahali pa samaki, mwanamke mzee. Mwanamke akamwambia amchukue nyumbani, asimdharau. Akamchukua. Tangu siku ile zizi lake likajaa ng'ombe na mbuzi, akawa tajiri, akaoa wake wengine, akazoea pombe. Usiku mmoja alirejea mlevi akakuta lango limefungwa. Hasira ikampanda, akamtukana yule mke wa kwanza kwa kumkumbusha kuwa aliokotwa ziwani kama samaki. Mwanamke hakujibu tusi kwa tusi. Kulipopambazuka aliondoka akashika njia ya Ziwa, na wanyama wote wakamfuata, ng'ombe, mbuzi na kuku, wakaingia majini mpaka wa mwisho. Nyamgondho alisimama ukingoni ameegemea fimbo yake akitazama mali yake ikizama, akageuka mti. Huko Nyandiwa watu huonyeshwa mahali pale hata leo, pamoja na alama juu ya mwamba zinazosemwa kuwa ni nyayo za ng'ombe wale.

Ya pili ni ya Simbi, karibu na Kendu Bay. Katika kijiji kimoja palikuwa na karamu na ngoma. Akaja bibi kizee mgeni, amechoka, akaomba chakula na mahali pa kuota moto. Wenye karamu wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemwonea huruma. Bibi akamwambia yule mwema aondoke kijijini pamoja na watu wake, na alipokwisha kuondoka mvua ikanyesha, ardhi ikadidimia, kijiji chote kikafunikwa na maji. Wajuzi wa miamba hutufundisha kuwa ziwa dogo la Simbi ni shimo la volkano ya kale, na maji yake ni ya magadi. Sina neno na wajuzi hao, wanasema kweli. Lakini wao wanatueleza jinsi shimo lilivyotokea, na hadithi inatueleza jinsi mgeni mzee apasavyo kupokewa. Hayo ni maswali mawili, na jibu la moja halifuti jibu la jingine.

Sasa namwuliza msahihishaji: katika hadithi hizi mbili, shetani yu wapi? Shetani, kwa mujibu wa dini zote mbili kubwa za nchi yetu, ni mdanganyifu. Humshawishi mtu atende ovu, kisha humcheka. Bibi wa Nyamgondho hakumshawishi mtu. Alileta baraka, akaweka sharti moja tu la heshima, na sharti lilipovunjwa aliondoka na kilicho chake. Bibi wa Simbi aliomba moto na chakula. Wadanganyifu na wachoyo katika hadithi hizi ni wanadamu. Kumwita bibi huyo shetani ni kugeuza kesi juu chini, mshitaki akawa mshitakiwa, na mlevi aliyemtukana mkewe akatoka barazani hana hatia.

Yafaa tuyapime na maneno mengine, maana Kiswahili si maskini. Tuna jini, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu pamoja na neno shetani lenyewe. Lakini hata Kurani, katika sura ya 72, inaeleza kuwa wako majini walioamini na wako waliopotoka. Basi Mwislamu msomi hawezi kusema kuwa jini na shetani ni kitu kimoja. Huko Unguja na Pemba, waganga na watu wao hutaja mashetani kwa namna isiyo na lawama, wakawa nao wa makabila na tabia mbalimbali, wenye kudai ubani, nguo na ngoma. Neno hilo likivuka bara likafika Mwanza huacha upole wake wote pwani, likabaki na makali tu. Tena tuna maneno ya asili yetu ya Kibantu. Pepo ni ndugu wa upepo, na wingi wa watu husahau kuwa ndilo pia jina la makao ya wema baada ya kufa. Lugha ile ile inayomfukuza pepo humwombea marehemu mahali pema peponi. Mzimu una heshima ya kaburi na ukoo. Wasukuma husema masamva, wakimaanisha wazee waliotangulia, wanaume kwa wanawake, ambao hukasirika wakisahauliwa na hutulia wakikumbukwa. Mtu mwenye maneno yote haya mkononi, kisha akachagua lile moja la laana kwa kila kitu, hawezi kudai kuwa amefasiri. Amehukumu bila kusikiliza mashahidi.

Tazameni jina la Ziwa lenyewe. Mnamo tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke alisimama juu ya kilima hapa Mwanza, akayaona maji yasiyo na ukingo wa pili, akayapa jina la malkia wake. Malkia Victoria hakuyaona maji hayo maishani mwake. Watu wa Buganda wana jina lao, Nalubaale. Na ajuaye Kiganda hutambua kiambishi Na- kinachoanza majina mengi ya wanawake wa huko, na hutambua lubaale, jina la viumbe wakuu wasioonekana. Kwa hiyo ng'ambo ile Ziwa lenyewe ni la kike, ni mama wa viumbe hao, hata bwawa la umeme la Jinja lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls sasa huitwa Nalubaale. Haya basi: mwanamke wa Kiingereza ambaye hakupata kulichungulia Ziwa hutajwa kwa heshima katika kila ramani, na mwanamke aliyekaa ndani ya Ziwa hilo katika fikira za wenyeji, tangu kabla ya ramani, twamwita shetani. Pale mjini lipo jiwe maarufu majini ambalo wageni hupiga picha. Hilo nalo huitwa kwa jina la Bismarck, waziri mkuu wa Wajerumani. Sidai leo jiwe libadilishwe jina. Nadai tu kwamba watu walioweza kuvumilia Bismarck katika ghuba yao wanaweza kumvumilia Bibi.

Wako watakaosema kuwa mambo haya ni ya Waafrika waliochelewa kustaarabika. Nawapeleka Ulaya. Katika milima ya kaskazini mwa Albania watu husimulia habari za zana, wanawake wa milimani, wazuri na wakali, wakaao kwenye chemchemi na malisho ya juu. Mtu akiwavurugia ngoma yao humgeuza jiwe. Lakini hao hao ndio waliompa nguvu shujaa Mujo. Alipokuwa mchungaji kijana aliona vitoto vikilia katika susu zao, akavibembeleza hadi vikalala. Mama zao, ambao ndio zana, waliporudi wakamwuliza anataka zawadi gani, naye akachagua nguvu, wakamnyonyesha maziwa yao. Halafu wako ora, na inasemwa kuwa kila mtu huzaliwa na ora wake. Sasa sikilizeni ni nani waliozikusanya nyimbo za Mujo na nduguye Halil zikachapishwa kitabuni mwaka 1937: walikuwa mapadre wawili wa shirika la Mtakatifu Fransisko, Bernardin Palaj na Donat Kurti. Watu wa altare, waliosoma misa kila asubuhi, waliketi na wazee wa milimani wakaandika habari za zana katika lugha ya watu wao, wala hawakuona kuwa wanamtumikia Ibilisi. Leo Mualbania husoma nyimbo hizo shuleni kama hazina ya taifa lake. Tofauti ya zana na Bibi wa Nyamgondho ni ndogo: wote wawili huwapa wenye huruma, na wote wawili huwageuza wenye dharau, huku wakawa jiwe, kule wakawa mti. Tofauti kubwa ni kwamba zana walipata waandishi, na wa kwetu walipata wasahihishaji.

Nafika sasa mahali palipo pazito, na hapa ndipo nilipomwomba msomaji avumilie. Katika nchi yetu, hasa Mwanza na Shinyanga, wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa kudhaniwa wachawi. Simeon Mesaki, mtafiti aliyelichunguza jambo hili, ameandika kuwa kati ya mwaka 1970 na 1984 waliuawa Tanzania Bara watu 3,693 kwa sababu ya tuhuma za uchawi, na katika hao wanawake walikuwa 2,286. Na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea Usukumani. Baada ya miaka hiyo mauaji hayakukoma. Ushahidi unaotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Bibi aliyepika maisha yake yote kwa kuni mbichi na mavi makavu ya ng'ombe, katika nyumba isiyo na dirisha, akiwalisha watoto na wajukuu, moshi huo huo uliowalisha ndio unaomhukumu.

Jirani wa mama yangu alikuwa mmoja wa hao. Nilipokuwa mdogo tulimwita Nyanya, ijapokuwa hakuwa wa ukoo wetu, nasi jioni tulikaa mlangoni pake akituhadithia. Alikuwa na macho mekundu na hadithi nyingi. Miaka ilipopita mtoto wa jirani mwingine aliugua akafa, na minong'ono ikaanza. Hakuna aliyemgusa, mwanawe alikuja usiku akamhamishia mjini, akaishi chumba kimoja cha kupanga hadi alipofariki, mbali na shamba lake na makaburi ya watu wake. Nakumbuka neno walilolitumia wanakijiji, watu wa kusali, kwa sauti ya chini: yule bibi ana shetani. Hawakusema mchawi. Neno shetani lilionekana la adabu zaidi, la kidini, lisilo na hatari. Nalo lilifanya kazi ile ile.

Hapa mpinzani wangu atanirukia. Atasema: umejifunga mwenyewe, hadithi hizo za wanawake wenye uwezo wa ajabu ndizo zinazolisha hofu inayoua vikongwe, yafaa zisahauliwe. Hoja hii ni nzito, nami nimeifikiria kwa muda mrefu kabla ya kuandika. Lakini aichunguze vema. Wasukuma wenyewe hawachanganyi. Nogi, yaani mchawi, ni mtu mwenye kudhuru kwa siri. Nfumu ni mganga. Masamva ni wazee waliotangulia. Na hadithi za viumbe vya maajabu ni jambo jingine tena. Lugha za wazee zilikuwa na vyumba vingi, na kila kiumbe kilikaa chumbani pake. Sisi tumebomoa kuta, tukawatia wote katika chumba kimoja, tukaandika mlangoni: shetani. Mtoto aliyefundishwa hivyo, akimwona bibi kizee mwenye jicho jekundu, ana neno moja tu la kumwelezea kila asichokifahamu.

Tena hadithi zenyewe zinafundisha nini? Katika Simbi, anayefukuza bibi kizee huangamia, na anayempa moto huokoka. Katika Nyamgondho, anayemtukana mwanamke mzee hupoteza kila kitu. Hata katika hadithi mashuhuri ya Wasukuma, jitu Shing'weng'we lilipomeza watu wote, aliyebaki alikuwa mwanamke mmoja mjamzito, na kutoka kwake akazaliwa Masala Kulangwa aliyewakomboa waliomezwa. Sijui mahubiri gani dhidi ya mauaji ya vikongwe yaliyo wazi kuliko haya. Kijana aliyelelewa kwa hadithi ya Simbi, akishikishwa panga aende kumkata bibi wa jirani, ana kitu moyoni cha kumzuia: hofu ya maji yale. Kijana aliyeambiwa kuwa Bibi wa Simbi alikuwa shetani hana kizuizi hicho; afadhali angeambiwa kuwa wenye karamu walifanya vema kumfukuza. Na hivyo ndivyo tunavyomwambia kila tunapotia wino mwekundu.

Yuko mpinzani mwingine, mtu wa maendeleo. Yeye huchoshwa na habari za viumbe vya majini, na husema kuwa watu waliokufa ziwani waliuawa na uzembe. Nakubaliana naye kabisa. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, karibu kabisa na mji wetu, mamia ya watu wakafa, haikuzamishwa na mwanamke wa Ziwa. Wala kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 wakafa zaidi ya watu 200. Vyombo vilibeba watu kupita kiasi. Atakayesimama kaburini akamsingizia Bibi makosa ya wakatisha tiketi, mimi nitakuwa wa kwanza kumpinga. Lakini kutetea hadithi si kuitumia mahali pa hesabu. Nahodha ahesabu abiria, na bibi ahadithie wajukuu; nchi yenye kimoja tu kati ya hivyo viwili ina upungufu.

Na mpinzani wa tatu ni mtu wa dini, ambaye namheshimu zaidi, kwa kuwa nami ni mtu wa kusali. Kwake nina mifano miwili. Mmoja nimekwisha kuutaja, wa mapadre wa Albania. Wa pili uko Kisesa, mwendo mfupi kutoka mjini. Pale Bujora, padre David Clement alianzisha jumba la kuhifadhi vitu na mila za Wasukuma, na ngoma za Bagika na Bagalu zikapigwa uwanjani pake, karibu na kanisa lake. Imani yake haikupungua. Mwenye imani imara haogopi hadithi. Anayeogopa hadithi na ajiulize imani yake imesimama juu ya nini.

Lipo jambo la mwisho linaloniharakisha. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari ndefu za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kitabu kilichohifadhi maisha ya watu wa kisiwa chake. Hakikupata mchapishaji. Yeye mwenyewe alikifasiri kwa Kiswahili, na tafsiri hiyo ikachapishwa na Tanzania Publishing House ikiwa na tarehe ya 1980. Mwaka 1981 mwandishi akafariki. Miaka 35 mswada ulingoja. Mswada wa karatasi huweza kungoja, ingawa ni aibu. Bibi anayejua hadithi hawezi kungoja miaka 35. Akihamishwa usiku kwenda chumba cha kupanga mjini, au akikatwa kwa panga, hadithi hizo hupotea naye.

Kwa hiyo naomba mambo matatu kwa wenzangu wa lugha. Kwanza, hadithi hizi zikusanywe sasa, kwa lugha zilizosimuliwa, na Kiswahili chake kando, na jina la kila kiumbe libaki kama msimulizi alivyolitamka. Pili, wafasiri na wahariri waache kutumia shetani kwa kiumbe ambacho hadithi yenyewe haikukiita hivyo. Waseme mzimu, au bibi wa ziwa, au walitumie jina la kienyeji na kulieleza. Tatu, hadithi ya Simbi iingie katika vitabu vya kusoma vya shule za msingi za Kanda ya Ziwa, mahali ambapo watoto wana vikongwe wa kuwalinda.

Mwanafunzi wangu amekwisha kurudisha kazi yake. Kila palipokuwa na wino mwekundu ameandika tena, kwa mkono wake, Bibi wa Ziwa. Nami nimetia sahihi chini yake, na msahihishaji akitaka kujua sababu, nimeieleza hapa.